Upande wa Pili wa Fomu

Kila asubuhi saa mbili kasorobo nilisimama mlangoni mwa Basi la Kwanza, kibao mkononi, kalamu sikioni, nikihesabu vichwa. Ndiyo kazi yangu. Mchungaji huhesabu mbuzi, mimi nahesabu wageni, na mbuzi angalau hawasahau miwani hotelini.

Walipanda mmoja mmoja, wazee kumi na sita wenye magoti mabovu, kila mmoja na neno lake. Mzee wa Tuba, ambaye yeye na hilo tarumbeta lake kubwa hawawezi kupita mlango kwa pamoja, aliniuliza kama jana nilimsikia akikoroma kutoka nyumbani kwetu. Nikamwambia majirani wameshalalamika. Alicheka mpaka kidaraja cha basi kikatikisika.

Kumi na tano. Kumi na sita. Nikaweka alama ya mwisho.

Ndipo mtu wa kumi na saba akasimama mbele yangu.

Ilikuwa siku ya tano ya ziara na jambo hilo halikuwa limetokea hata mara moja. Nilimjua kabla sijainua macho, maana kwa siku nne nilikuwa nimemtazama viatu tu. Vyeusi, vimepigwa rangi vizuri, kamba ya mguu wa kushoto imefungwa mafundo mawili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono yote miwili. "Leo naomba nipande hili."

Wewe unayekutana nami leo kwa mara ya kwanza, ngoja nikueleze upesi, kwa sababu mwenyewe sipendi kuyarudia.

Ninafanya kazi katika ofisi ndogo ya kuandalia watu safari. Tulipata wageni kutoka nchi jirani, bendi ya matarumbeta ya wastaafu wa reli. Siku sita, maonyesho matatu, matembezi kila asubuhi. Maandalizi yote nilipewa mimi, mwenye cheti cha chuo na sauti isiyotoka. Ofisini wananiita Kimya.

Kumbi nilitafuta mimi. Vitanda nilipanga mimi. Nani alale na anayekoroma, nani asilale naye hata kwa dawa, hayo pia nilipanga mimi. Orodha ya kwanza waliyotuma ilikuwa ya ala, si ya watu: tuba mbili, tromboni tano, matarumbeta manne, na kuendelea. Kwa hiyo niliwajua kwa vyombo vyao kwanza. Baadaye nikamtumia kila mmoja fomu.

Fomu ya ishirini na tatu ilikuwa ya Tarumbeta la Tatu. Jina lake lilikuwa jina langu la pili. Kwenye kisanduku cha mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura alikuwa ameandika jina langu, lile la bibi ambalo sijawahi kukutana nalo kwa mtu mwingine, na namba ya simu ninayoiweka chini ya kila barua ya ofisi.

Uhusiano, fomu inauliza. Akajibu: binti.

Mimi sikuwa na baba. Baba yangu alikuwa marehemu. Hivyo ndivyo mama alivyoniambia, na hivyo ndivyo nilivyojaza kila karatasi ya shule tangu darasa la kwanza, mpaka neno lenyewe nikawa naliandika kwa mwandiko mzuri kuliko mengine.

Jioni ile nilimuuliza mama. Mama ni fundi cherehani, na alikuwa akipindia suruali ya mtu. Aliondoa mguu kwenye pedali. Akasema, "Hakufa. Alituacha." Halafu cherehani ikaendelea. Msomaji wangu wa wiki iliyopita nilimwacha hapo, akiisikia ile cherehani.

Kilichofuata sikumwambia mtu, nawe ndiwe wa kwanza. Niliitoa fomu ya ishirini na tatu kwenye faili, nikaikunja mara nne, nikaitia kwenye mkoba wangu. Kisha nikakaa kupanga mabasi.

Basi la Kwanza wenyewe waliliita Basi la Magoti. Lilikuwa la wazee wasioweza ngazi na vilima, nami ndiye niliyekwenda nalo. Basi la Pili liliitwa Basi la Miguu, la wale wanaojiweza, na lilikuwa chini ya mwenzangu wa ofisini tunayemwita Kasuku, ambaye akianza kusimulia historia ya jengo, jengo lenyewe huchoka.

Tarumbeta la Tatu nilimweka kwa Kasuku. Siku zote sita. Hakuna aliyeuliza. Bendi yao ilipofika niliona mtu mrefu, mkavu, amenyooka kama mlingoti, nikajiambia huyo ngazi si kitu kwake.

Usidhani nilimchukia. Chuki ingenisaidia. Niliogopa tu kwamba angesema neno moja, neno lolote, nami ningeangua kilio mbele ya wageni thelathini na kibao changu.

Sasa alikuwa mbele yangu, ameshika kofia.

"Basi lako ni lile la pili, mzee," nilisema.

"Najua. Nilidhani leo pengine kuna nafasi."

Nafasi zilikuwepo tisa. Mzee wa Tuba alikuwa amekalia viti viwili peke yake, na bado zilibaki tisa.

"Limejaa."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika mbali kuliko kioo cha basi. Aliinua macho akaviangalia viti vitupu dirishani, kimoja baada ya kingine, kisha akaniangalia mimi. Mdomo wake ulifunguka kidogo, ukabaki hivyo, ukajifumba bila kutoa kitu. Mdomo ule naujua. Nimeuona kwenye kioo maisha yangu yote. Nikakumbuka mama alivyokuwa akishangaa aibu hii yangu nimeitoa wapi.

"Haya, mwanangu," alisema. "Kazi njema."

Akavaa kofia, akaenda zake kwenye Basi la Pili. Alitembea polepole. Nililiona hilo. Nilidhani ni majivuno.

Ratiba ya siku ile niliiandika mwenyewe na ninaikumbuka kama sala. Basi la Pili lilikuwa liende kwenye mnara wa saa wa zamani, ambao kutoka juu unaona mji wote mpaka reli inapopinda. Ngazi mia moja sitini na nne, hakuna lifti, mahali pa kupumzika ni ngazi ya themanini, penye dirisha. Nilizihesabu kwa miguu yangu mara mbili, mwezi mmoja kabla hawajafika, kwa kuogopa kumtesa mzee wa mtu.

Basi la Kwanza tulikwenda kwenye makumbusho ya treni. Kule wastaafu wangu walikuta kichwa cha treni ya mvuke, wakakizunguka kama watu waliokutana na mwenzao waliyesoma naye. Mwongozaji wa makumbusho alijaribu kuwaeleza kinavyofanya kazi. Baada ya dakika tano yeye ndiye alikuwa ameketi akielezwa.

Mzee wa Tuba hakukizunguka. Alinifuata nilipokuwa nimesimama karibu na kibanda cha tiketi.

"Kimya," aliniambia, maana jina hilo nao walikwishalidaka. "Lile basi letu limejaa nini? Upepo?"

Nikajifanya nasoma bei za tiketi.

Hakunigombeza. Alisema tu kwamba yeye na mwenzake yule wamefanya kazi kituo kimoja miaka kumi na minane, na katika miaka hiyo hajamsikia akiomba kitu mara mbili. Akiomba mara moja ukamnyima, huwa hakiombi tena. Kisha akaondoka kwenda kuwarekebisha wenzake kuhusu bomba la mvuke.

Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu hayakungoja kuzaliwa. Nilitoa kalamu sikioni, nikalikata jina la Tarumbeta la Tatu kwenye orodha ya Basi la Pili, nikaliandika kwenye orodha ya Basi la Kwanza. Kiti nilimchagulia: dirishani, safu ya pili, nyuma ya changu. Mchana, tukikutana kwenye chakula, ningemwambia kuna mtu ameshuka. Uongo tena, lakini wa kumkaribisha.

Niliangalia saa, kwa mazoea ya kazi. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

Kutoka pale tulikwenda moja kwa moja ukumbini kupima sauti kwa ajili ya onyesho la jioni. Sharti la ukumbi ule ni simu zote kuzimwa, na sharti hilo nililitangaza mimi mwenyewe, kwa sauti yangu ndogo, na nikawa wa kwanza kuzima. Viti vilipangwa jukwaani. Kiti cha tarumbeta la tatu nilikisogeza kidogo mbele, ili nikikaa mahali pangu pa kawaida kando ya pazia niweze kumwona usoni akipiga. Katika maonyesho yaliyotangulia nilikuwa nimekirudisha nyuma.

Nilipowasha simu nje ya ukumbi, nilikuta Kasuku amepiga mara kumi na moja.

Nikampigia. Kasuku ni mtu ambaye unaweza kuiweka simu mezani, ukachemsha chai, ukarudi ukamkuta katikati ya sentensi ileile. Siku ile alisema maneno manne.

"Fomu yake iko wapi?"

"Ya nani?" niliuliza, na nilikuwa najua.

Alikuwa ameanguka kwenye ngazi, saa tano na dakika ishirini. Walikuwa wamelipita dirisha, wapo kwenye ngazi ya mia na kitu. Kasuku alimwambia apumzike, akasema yuko sawa, atangulie tu. Walimshusha kwa kumkalisha kwenye kiti cha mlinzi wa mnara. Sasa wako hospitali, na daktari anataka kujua mgonjwa anaumwa nini, anatumia dawa gani, apigiwe nani. Katika faili kuna fomu thelathini, na wageni ni thelathini na mmoja. Ya ishirini na tatu haipo. Amelipekua faili mara tatu.

"Ninayo mimi," nilimwambia. "Nakuja."

Ndani ya teksi nilimpigia mama. Sikujua niseme nini, nikasema, "Mama, yule mtu yuko hospitali kuu ya mji. Hali mbaya." Nyuma yake cherehani ilikuwa inakwenda. Ikanyamaza. Simu ikakatika.

Mzee wa Tuba alikuwa amejipakia teksi ileile bila kuniomba ruhusa. Alikaa amekumbatia kofia yake.

Pale kwenye ukumbi wa wagonjwa wa dharura Kasuku alinijia mbio, macho mekundu. Nikafungua mkoba. Nikaikunjua fomu, mara nne kama nilivyoikunja. Mikunjo ilikuwa imeanza kuchanika.

Kisha nikaigeuza.

Nisikilize vizuri hapa, maana ndipo kosa langu lilipolala. Fomu ile niliibuni mimi. Upande wa kwanza una jina, kitanda, kukoroma na mtu wa kupigiwa simu. Upande wa pili una afya. Za wengine zote nilisoma pande mbili, nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: huyu asikae kwenye baridi, huyu sukari, huyu asibebe mzigo. Ya kwake nilifika kwenye neno "binti" nikaishia hapo. Macho yangu hayakuwahi kuvuka karatasi.

Upande wa pili aliandika kwa herufi za kusimama, taratibu, kama mtu anayejaza tiketi ya treni:

Ugonjwa: moyo. Dawa: akaziandika mbili, asubuhi na jioni. Mengineyo: nimekatazwa ngazi ndefu, naomba niwekwe na wasiopanda.

Na chini kabisa, kwenye mstari wa maombi maalumu, ambao wenzake waliutumia kuomba mito miwili na chumba mbali na lifti:

"Ikiwezekana, basi moja na mwandaaji. Isipowezekana, si neno."

Muuguzi aliichukua fomu mkononi mwangu, akaenda nayo karibu na kukimbia. Nilibaki nimeinyoosha mikono vilevile.

Mzee wa Tuba alikuwa amesoma juu ya bega langu. Alijikalisha kwenye benchi, benchi likalia.

"Daktari wa kwetu alimkatalia safari hii," alisema, akizungumza na kofia yake. "Mwaka mzima hajapiga na sisi. Siku ilipokuja barua yenu ya mwaliko, aliisoma mpaka chini, akaondoka nayo. Kesho yake akaja na tarumbeta. Tukamuuliza, mzee, unataka kufa? Akasema ana mtu huku."

Kasuku alimtazama Mzee wa Tuba, akanitazama mimi.

Muuguzi alirudi na karatasi nyingine na kalamu. Alisema dawa zimejulikana, hilo limesaidia, lakini haitoshi. Anapelekwa chumba cha upasuaji sasa hivi. Anahitajika ndugu wa kuweka sahihi. Akaiangalia fomu, akalisoma jina langu kwa sauti, lote, na kuuliza kama huyu binti ameshapatikana.

Kasuku aliniangalia tena. Yeye jina langu analijua.

Ndipo mama alipoingia.

Alikuwa amekuja kama alivyokuwa. Futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni, na vipande vya uzi vimeng'ang'ania kwenye gauni. Hakunisalimu. Aliiona karatasi, akaiona kalamu, akaelewa.

"Weka sahihi," aliniambia.

Nilinyoosha mkono, ukakataa. Kwenye karatasi palikuwa na nafasi ya jina na nafasi ya uhusiano. Ningeandika nini? Mtu niliyemnyima kiti kati ya viti tisa. Mtu niliyempa ngazi mia moja sitini na nne. Nilikuwa nimejaa hatia mpaka kooni, na hatia ikikosa pa kutokea hutokea kama hasira. Ilimtokea aliyekuwa karibu.

"Niweke kama nani?" Sauti yangu ilikuwa kubwa. Sikuijua. "Alituacha. Wewe ndiye uliyeniambia. Miaka ishirini na mbili hajauliza kama nimekula. Leo niseme mimi ni binti yake?"

Watu kwenye mabenchi waligeuka. Mama hakugeuka. Aliishika futi kwa ncha zote mbili na kuivuta, kama anapopima kiuno cha mtu asiyetaka kupimwa.

"Hakutuacha," alisema.

Muuguzi alikohoa, akasema hana muda. Mama akaendelea kana kwamba muuguzi ni ukuta.

"Alikuwa safarini na bendi, wiki tatu. Nilikuwa nimechoka kuwa mke wa kungoja. Nikafunga mizigo, nikakubeba mgongoni, nikavuka mpaka. Aliporudi alikuta nyumba tupu na msumari wa kutundikia tarumbeta. Hakuwa na pa kuanzia kututafuta, nilihakikisha hilo." Alivuta pumzi. "Ulipoanza kusema ulimuulizia kila siku. Nikamuua kwa mdomo wangu, usije ukaniuliza njia ya kurudi."

Kisha akasema tena, taratibu, kwa sauti ya chini, ili nisije nikadai sikusikia:

"Mimi ndiye niliyemwacha. Wewe nilikuiba."

Nilimtazama mama yangu, mwanamke aliyenishonea kila nguo niliyowahi kuvaa, nikatafuta mahali mshono ulipoanzia.

Muuguzi alinitia kalamu mkononi. Sijui kama ni yeye aliyefunga vidole vyangu. Niliandika jina langu. Kwenye uhusiano niliandika neno lile alilolitumia yeye, nikajaribu kulifanya liwe na mwandiko mzuri.

Mlango wa pembeni ukafunguka, na kitanda cha magurudumu kikatoka kikisukumwa na watu wawili. Walikuwa wamemvua viatu. Hilo ndilo nililoliona kwanza, kwamba miguu ni ileile mirefu na viatu havipo. Macho yalikuwa yamefumba. Kofia waliiweka kifuani, mkono wake mmoja juu yake.

Nilikwenda sambamba na kitanda. Korido ilikuwa fupi, na mwisho wake palikuwa na milango miwili ya kusukuma yenye maandishi mekundu ya kuwazuia watu kama mimi. Nikahesabu hatua zilizobaki, kwa mazoea ya kazi. Kumi. Nane. Siku tano nzima sikuwa na neno, na sasa neno lilikuwepo na njia inaisha.

Nilishika ukingo wa kitanda. Yule aliyekuwa akisukuma upande wa kichwa akaniambia niachie, dada, niachie.

Vidole vilivyokuwa juu ya kofia vilisogea, au pengine ni gurudumu lililopanda kizingiti.

"Baba," nilisema, na korido nzima ikasikia. "Baba, basi halikuwa limejaa."